Nukta ya Penseli Kwenye Bahasha ya Naomi

Nyinyi vijana mnaonipita stesheni ya Quakers Hill alfajiri, mkiwahi shifti za usafi mjini, nawasikia mnavyoongea. Mnasema kazi hii haina ufundi, ni mopu na mgongo tu. Haya, nisikilizeni. Nimeifanya miaka kumi na tisa katika bweni moja la wasichana wa chuo kikuu, na ufundi mgumu kuliko wote niliojifunza mle haukuwa wa mopu. Ulikuwa ufundi wa kumwambia binti wa watu kwamba hajachaguliwa. Nilikuwa fundi wa hapana. Halafu asubuhi moja niliuharibu ufundi wangu mwenyewe, kwa makusudi, kwa ajili ya wivu. Hilo ndilo nimekaa kuwasimulia, na msinikatize.

Kazini waliniita Mama Diane, kwa jina la binti yangu. Nilitoka Burundi mdogo, nikakulia kambi ya wakimbizi Kigoma, ndiko nilikookota Kiswahili hiki kabla ya kuletwa huku ughaibuni. Aliyenifundisha kazi bwenini alikuwa mama mmoja wa Kigiriki aliyebakiza miezi michache astaafu. Hatukuwa na lugha moja, alinifundisha kwa vidole na kwa kunivuta mkono. Shuka linakunjwa pembe hivi. Nywele kwenye tundu la bafu zinatolewa kwa waya wa hanga, usimsubiri fundi bomba. Na kabla hujagusa kitanda, angalia ndoo ya taka. Ukiikuta imejaa tishu zilizolowa, fanya kazi taratibu na usiwashe mashine ya kufyonza vumbi. Mpaka leo nikiingia nyumba ya mtu natazama ndoo kwanza, Diane ananikanya kila siku.

Sasa, ndani ya bweni lile kulikuwa na kikundi cha wasichana kinachojichagulia wenyewe wanachama. Sisi wafanyakazi tulikiita Udada, maana waliitana dada hata wakiwa wanagombana. Kila mwanzo wa mwaka wa masomo, joto bado kali, wasichana wapya waliokitaka walihojiwa wiki nzima. Waliitwa kunywa chai, wakapimwa walivyovaa, walivyocheka, walivyoshika kikombe. Kisha wakubwa wakajifungia na kupiga kura. Aliyeingia alipata sebule ya ghorofa ya juu yenye veranda, safari za pamoja, na wanawake wenye vyeo waliopitia humo zamani wa kumshika mkono akimaliza masomo na kutafuta kazi. Asiyeingia alibaki anawapisha kwenye ngazi.

Zamani majina yalibandikwa ukutani kwenye bwalo, ikawa fedheha. Baadaye wakatuma meseji za simu, ikawa mbaya zaidi. Msichana mmoja aliisoma ya kwake akiwa kwenye foleni ya mkate, wenzake wakirukaruka kando yake, naye akaendelea kupaka siagi kama hakuna kitu mpaka kipande kikatoboka. Matroni wa bweni, mama wa Kizungu mwenye busara yake, akasema basi. Kuanzia hapo iwe barua, ndani ya bahasha, zote nyeupe na za aina moja, na zipelekwe mlangoni asubuhi na mtu mzima. Mtu mzima gani anayejua vyumba vyote? Ni sisi wa mashuka.

Mwaka wa kwanza nilizibeba zote peke yangu, ndiyo kwenye mfuko huu wa aproni, hapana kwenye mfuko ule. Nilikuwa bado mgeni wa kazi, sikujua uzito wa nilichobeba. Bahasha moja ya hapana ikaingia upande wa ndiyo. Nikambishia hodi mwenye bahasha, nikampa kwa tabasamu la meno yote, nikasema hongera. Akaifungua palepale. Nilikuwa bado natabasamu alipomaliza kusoma, sikujua namna ya kuurudisha mdomo mahali pake. Binti yule alihama bweni kabla ya chakula cha mchana, na mimi nikalia kwenye stoo ya mashuka hadi matroni akanitafuta.

Toka siku hiyo nikajitungia dawa. Kila mwaka, nikipewa mafungu mawili, nilichukua penseli na kutia nukta ndogo nyuma ya kila bahasha ya hapana, pembeni kabisa chini, mahali ambapo asiyejua haoni. Sikumwambia mtu. Kila fundi ana kitu chake kidogo cha kujilinda, na nyinyi mtafuteni cha kwenu.

Mengine nilijifunza kwa kukosea. Mwaka mmoja niliona nianze na chai ili kumlainisha binti. Nikaingia na trei, nikamiminia, nikamuuliza habari za nyumbani. Naye akaelewa kwamba mtu haletewi chai kwa jambo baya, akamtumia mama yake meseji kwamba ameingia, huku mimi nakoroga sukari. Kwa hiyo, neno lenyewe kwanza, chai baadaye. Mwaka mwingine nilimwambia mmoja, usijali, mwakani utapata. Mwakani! Kumbe Udada hauchukui mtu wa mwaka wa pili. Nilikutana naye kwenye korido mwaka uliofuata, akanitazama kwa macho yale yale ya siku ile, nikageuza kigari changu nikapita njia ya lifti. Usimpe mtu tumaini usilokuwa nalo mfukoni. Wala usimpe sababu usiyoijua. Bisha hodi, usisukume bahasha chini ya mlango kama tangazo la pitsa. Akifungua, sema: hapana, hukuchaguliwa. Mwekee kikombe. Kisha simama hapo, usiseme kitu, na usiondoke mpaka chai imefika nusu. Sijui kwa nini nusu. Ila akishafika nusu, anaweza kubaki peke yake.

Huo ndio ulikuwa ufundi wangu, na hakuna aliyenishukuru kwa huo. Halafu akaja Mapendo.

Mapendo alikuwa Mkongomani wa Uvira, ana umri kama wangu, anakaa Smithfield, na alikuja miaka minne baada yangu. Mimi ndiye niliyemwonyesha kila kabati. Matroni akaona wawili tunafaa kugawana bahasha. Akasema, tena mbele ya watu, kwamba Mapendo ana uso wa furaha na mimi nina uso wa kutulia, basi yeye apeleke za ndiyo na mimi nipeleke za hapana. Uso wa kutulia! Nilikwenda kujitazama kwenye kioo cha bafu la ghorofa ya pili. Mwanamke aliyenitazama alikuwa amenuna, hakutulia.

Mwaka wake wa kwanza tu, Mapendo alifika mlango wa kwanza, binti akafungua barua, akapiga kelele ya furaha, na Mapendo bila kufikiri akapiga vigelegele. Vile vya harusi, vya kutoka tumboni. Korido nzima ikatoka. Wasichana wakampenda hapo hapo. Ikawa desturi. Walimrekodi na simu zao, wakajaribu kumuiga, wakaishia kutema mate tu, na kicheko kikajaa ghorofa. Siku za kuzaliwa walimletea keki stoo. Baridi ilipoanza walimletea skafu. Mimi walinipa kichwa tu, hivi, juu chini, wakaharakisha.

Na kwa sababu ya vigelegele hivyo kazi yangu ikawa ya mbio. Isingewezekana binti asikie vigelegele mlango wa pili halafu mimi nimfikie na trei. Matroni akapanga: za hapana zianze saa kumi na mbili na nusu na ziishe kabla ya saa moja na nusu, ndipo Mapendo aanze. Wasichana si wajinga. Ndani ya mwaka mmoja wakubwa wakawa wanawaambia wadogo: ikifika saa moja na nusu Mama Diane hajakubishia hodi, umeingia. Mnaelewa maana yake? Maana yake ni kwamba furaha ya bweni zima ilikuwa mimi nisije. Hata mwezi wa nane, barua zimekwisha zamani, nimebeba taulo tu, nikibisha hodi nasikia mtu ndani anashtuka.

Nilimwonea wivu Mapendo, nasema wazi, sina sababu ya kuficha nikiwa na magoti haya. Niliuonea wivu mdomo wake, skafu yake, namna alivyosema vibaya Kiingereza na watu wakacheka naye, wakati mimi niliyekisema sawasawa sikuchekewa na mtu. Tulikula chakula cha mchana pamoja kila siku, nikampa nusu ya chapati yangu, na roho ikawa inaniuma nikimtazama anavyoitafuna.

Ningeishi na hilo. Wengi wanaishi nalo. Lakini Mapendo alikuwa na binti, Naomi, rika moja na Diane wangu. Walisoma shule moja, walicheza pamoja kwenye picnic za kanisa. Diane aliacha masomo mapema akaenda kupanga maboksi kwenye ghala huko huko Smithfield, karibu kabisa na kwao Naomi. Naomi akafaulu, akapata ufadhili wa chuo kikuu, na bweni alilopangiwa ni bweni letu. Siku Mapendo alipokuja na habari hizo stoo, nilimkumbatia. Niliporudi nyumbani nilimfokea Diane kwa sababu ya sufuria ambayo haikuoshwa. Diane aliniacha nimalize, kisha akaniambia kwa Kiingereza chake, polepole, kwamba yeye hajawahi kushindana na Naomi. "Ni wewe unayeshindana na mama yake," akasema. Nikaosha sufuria mwenyewe.

Naomi akautaka Udada. Wiki ile ya mahojiano Mapendo hakuweza kukunja shuka moja ikakaa sawa. Kwake yeye haikuwa sebule na veranda. Alisema miaka yote mtoto wake amekuwa akiingia sehemu kwa fomu, kwa barua ya mfadhili, kwa huruma ya mtu, na mara hii angeingia kwa kupendwa. Alikwishawaambia akina mama wote wa kwaya. Alikwishaniambia vigelegele atakavyopiga vitafika Uvira. Mimi nikasema amina, na moyoni nikawa naomba kinyume.

Asubuhi ya siku yenyewe matroni alinipa mafungu mawili saa kumi na mbili kamili, nikaingia nayo stoo peke yangu. Nikachukua penseli. Nukta, nukta, nukta. Bahasha ya nne ya fungu la hapana ilikuwa na jina la Naomi.

Nilifurahi. Sitawadanganya, nilifurahi mpaka nikakaa juu ya magunia ya taulo chafu. Nikatia nukta yangu kama kawaida. Halafu nikafikiri: nitakwenda pale mlangoni, nitasema neno, nitaweka chai, nitasimama, na mtoto huyu atapokea hapana nzuri kuliko zote, kwa sababu najua kazi yangu. Na mama yake ataendelea na vigelegele kwenye milango mingine, watu watamkumbatia, na mimi nitakuwa tena yule aliyeleta mabaya. Hata hapo Mapendo atanishinda. Basi nikaichukua ile bahasha kutoka fungu langu nikaitia katikati ya fungu lake. Haikuchukua hata muda wa kupiga chafya.

Mapendo akaingia. Nikampa fungu. Akalipekua haraka haraka mpaka alipokutana na jina la mwanawe, akapiga magoti pale pale kwenye sakafu ya stoo, bahasha kifuani.

"Mama Diane," akasema, "Naomi yangu iko hapa ndani."

Nikasema, hongera. Neno lile lile nililomwambia yule binti wa mwaka wangu wa kwanza, na nililijua nilipokuwa nalisema.

Nilikuwa na saa nzima na zaidi ya kulirekebisha. Hilo mlishike, kwa sababu mtu akikosea ghafla anaweza kusamehewa, lakini mimi nilikuwa na saa nzima. Nilikwenda na trei mlango kwa mlango, nikasema hapana zangu vizuri, nikasimama hadi nusu kikombe. Chumba cha Naomi kilikuwa katikati ya korido ya ghorofa ya tatu. Nilipokaribia niliona kivuli cha miguu yake chini ya mlango, amesimama upande wa ndani anasikiliza hatua zangu. Nikapita. Nikasikia akishusha pumzi ndefu.

Saa moja na nusu Mapendo akaanza, na mlango wake wa kwanza ulikuwa wa mwanawe. Nilisimama kwenye ngazi nikiona. Hakubisha hodi, alipiga vigelegele kwanza, virefu, na wasichana wakatoka na simu zao juu wakimzunguka. Naomi akafungua mlango akicheka na kulia, maana tayari alijua, hakuna aliyembishia. Akaichana bahasha mbele ya watu wote. Nikaona macho yake yakienda mstari wa kwanza, yakarudi, yakaenda tena. Wasichana wakanyamaza mmoja mmoja, simu zikashuka. Mapendo hasomi Kiingereza haraka, na alikuwa amefumba macho. Yeye akaendelea na vigelegele peke yake, kwa muda ambao mimi bado nausikia. Naomi akamshika mama yake mkono, akautoa taratibu begani kwake, akaingia chumbani na kufunga mlango.

Kwa dakika hiyo moja, nadhani si zaidi, nilisikia utamu. Halafu ukaisha na haujarudi.

Mapendo alikuja stoo. Hakunishuku hata kidogo. Aliamini ofisi imechanganya mafungu, na matroni naye aliamini hivyo, akajilaumu, akaomba radhi. Matroni aliponiuliza nilisema sijui, labda zilichanganyika. Mapendo alisimama mbele yangu, kitambaa cha kichwa kimelegea, na yule mwanamke niliyemwonea wivu miaka yote akanipa kitu nilichokitaka miaka yote.

"Weye njo unajuaka kusema hapana," akasema kwa Kiswahili cha kwao, yaani mimi ndiye ninayejua. "Enda kwa mutoto. Unifundishe na miye."

Nikaenda na trei. Naomi alifungua. Kwa kuwa neno alikwishaliona, sikuwa na la kusema kwanza, nikaweka kikombe nikasimama. Alikuwa ameshika bahasha, anaigeuza geuza. Alikunywa mpaka nusu bila kunitazama, nami nikatoka. Mapendo alikuwa nje ya mlango, ananisubiri kama mtu anayemsubiri daktari. Akanishukuru.

Mwaka uliofuata Mapendo alikwenda kwa matroni akaomba tubadilishane. Alisema vigelegele vimekwisha tumboni. Akataka apeleke yeye za hapana, na mimi nikapewa za ndiyo. Hebu fikirieni. Miaka yote hiyo nalitaka fungu lile, na sasa nalishika. Nikabisha milango, nikatabasamu, wasichana wakanikumbatia kweli, na kila mmoja akiangalia juu ya bega langu akiuliza Mapendo yuko wapi. Nilijaribu kigelegele kimoja kwenye ghorofa ya kwanza. Kilitoka kama mlango unaohitaji mafuta, sikurudia.

Na Mapendo? Alikuwa amenisikiliza vizuri. Alibisha, akasema neno kwanza, akaweka chai, akasimama. Ila wale aliowapelekea hapana walianza kuteremka stoo mchana, mmoja, wawili, wakakaa juu ya magunia ya taulo wakimsimulia habari zao. Mwaka mzima. Kwangu hakuwahi kuteremka hata mmoja. Nilimwonea wivu kwa hilo pia. Hapo ndipo nilipojua kwamba ugonjwa haukuwa kwenye fungu la bahasha, nilikuwa nao mimi, na ningeuhamisha popote ambapo wangenihamishia.

Nilistaafu mwaka jana, magoti yamegoma. Waliniandalia chai bwaloni. Mapendo alilia, akasema mbele ya wote kwamba mimi ndiye niliyemfundisha kazi ngumu kuliko zote. Naomi alikuja pia, siku hizi ni mtaalamu wa mifupa na viungo hospitalini, na hata magoti yangu aliyaangalia. Mtoto huyu hunijibu kwa Kiingereza siku zote. Tulipobaki wawili kando ya meza ya vikombe, alifungua mkoba akatoa bahasha nyeupe iliyochakaa, akaigeuza nyuma. Pembeni kabisa chini palikuwa na nukta ya penseli.

Alisema siku ile jioni walikaa pamoja, wale wote waliokosa, na bahasha zao zikawa kitandani. Akaona nukta kwenye zote. Akawaomba walioingia wamwonyeshe za kwao, hazikuwa na nukta. Kwa hiyo aliyeitia nukta alijua kabla kwamba hiyo ni ya hapana, na mafungu yalikuwa mikononi mwa mtu mmoja. Kisha akasema kwa Kiswahili, akitafuta maneno moja moja, akiniita shangazi kwa Kifaransa cha kwao.

"Nilijua, tantine. Sikumwambia Mama. Nilikuwa nangoja wewe umwambie."

Hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililonikata maini. Nikamtazama nikawaza, Mapendo amemleaje huyu, na hata pale, vikombe vikiwa mkononi, nikaona kijicho kinanipanda.

Nilichukua miezi miwili. Jumapili moja baada ya ibada nikapanda treni, nikapanda basi, nikafika Smithfield, nikabisha hodi kwa Mapendo. Alifungua ana aproni, nyumba inanukia sombe ya majani ya muhogo. Akataka kunivuta ndani. Nikakataa, nikasema neno kwanza, pale pale mlangoni, kama ninavyojua. Nikasema: Mama Naomi, ile bahasha niliitia mimi kwenye fungu lako. Niliona jina. Nilikuwa na wivu na wewe. Nikasema yote, na saa ile nzima nikaisema. Kisha nikamwomba anisamehe.

Akaniingiza, akanikalisha kwenye kiti cha plastiki jikoni, akasimama mbele yangu. Aproni akaivua, akaikunja, pembe kwa pembe.

"Hapana, Mama Diane," akasema. "Sikusamehe."

Hakusema bado. Hakusema labda siku moja. Hakunipa sababu. Aligeuka, akamimina chai, akatia sukari vijiko viwili kama ninavyokunywa, akaniwekea mbele. Halafu akasimama pale kando ya jiko, mikono imeshikana, bila neno, akinitazama nikinywa. Nilipofika nusu akakitazama kikombe, akaenda kunifungulia mlango.

Mimi niliyepeleka hapana kwa watoto wa watu miaka ile yote sikuwahi kupewa ya kwangu hivyo. Ilikuwa safi. Haikuwa na fujo wala sumu, na nilitoka kwa miguu yangu mwenyewe. Kwenye basi la kurudi nililia, na katikati ya kulia nikagundua kwamba aliisema vizuri kuliko mimi, na nikamwonea wivu.